Kamba ya Ndama wa Naisula

Mkamua chuchu zote, kesho hukamua kamba. Mmeisikia leo zizini mkacheka, mkauliza ni nani aliyewahi kukamua kamba. Alikuwapo, na methali hii ilizaliwa mikononi mwake.

Mwaka mmoja wa ukame, katika boma moja la Wamasai, wake wawili wa mume mmoja walikuwa na ng'ombe waliozaa wiki moja. Mke mkubwa aliitwa Naisula. Mdogo, Resiato, alikuwa ameolewa mwaka huohuo. Kila asubuhi walimpelekea mama mkwe wao, Nolari, waliyemwita Yeyo, yaani mama, vibuyu vya maziwa. Cha Naisula kilijaa hadi shingoni. Cha Resiato kiliishia katikati, kwa sababu alikamua chuchu tatu tu. Ya nne alimwachia ndama.

Wala hakuishia hapo. Kabla jua halijachomoza alikwisha kuzoa kinyesi cha ndama na kumtandazia majani makavu, kisha akampapasa masikioni na chini ya mkia, akitoa kupe mmoja mmoja.

"Mke mwenzangu," Naisula alimcheka, "ng'ombe wako alizaliwa na chuchu tatu, au kwenu hamhesabu hadi nne?"

Resiato aliendelea kutoa kupe. Lakini moyo ulimwuma, maana Yeyo alikwisha kumwonya: wazee wa ukoo walikuwa wanakuja kulibariki boma, na mke asiyeweza kuwanywesha wageni angerudishwa kwa baba yake.

Asubuhi ya wageni, ndama wa Naisula hakuinuka. Njaa ilikuwa imemmaliza. Naisula akaifungua kamba shingoni mwa ndama, akaenda kumkamua mama mtu. Ng'ombe akageuza kichwa kumtafuta mwanawe, hakumwona, akayabana maziwa. Naisula alivuta chuchu zote nne. Halikudondoka hata tone.

Yeyo akamkimbilia Resiato. Ndama wake alikuwa akirukaruka, manyoya yanang'aa. Alipoonja kidogo tu, maziwa ya mama yake yakashuka. Resiato akakamua chuchu tatu, akasimama. Kibuyu hakijajaa.

"Na ya nne, mwanangu," Yeyo akasema kwa sauti ya chini. "Wazee wako mlangoni."

"Yeyo, hiyo si yangu. Ukitaka nirudishe kwa baba, lakini mwenyewe huyu hapa anangoja."

Ndama akapenya chini ya mkono wake, akanyonya.

Yeyo akageuka. Naisula alikuwa bado amechuchumaa, kibuyu kitupu magotini, vidole vyake vikiivuta ile kamba kutoka juu kwenda chini, juu kwenda chini, kama anayekamua. Resiato naye akamwona. Hakumcheka. Alimwendea, akammiminia nusu ya maziwa yake, ili mwenzake asiaibike mbele ya wageni.

Wazee walipouliza mbona vibuyu vyote viwili ni vyepesi, Yeyo hakuona haya. Alimkalisha Resiato ubavuni pake, akaiweka ile kamba mbele yao, akasema:

"Mkamua chuchu zote, kesho hukamua kamba."