Nguzo ya Ntandu Mbeba Fuawe

Sogeeni, watu wa Itandula, msikie habari za enzi ambazo bonde hili lilikuwa la nyasi na nyati tu, kabla ya uwanja huu na kabla ya kisiki hiki cha chuma mnachofungia mbuzi siku za soko. Ndipo alipokuja Ntandu mwana wa Igwe, Igwe mwana wa Malekela, mhunzi wa wahunzi, aliyetembea siku saba akiwa amebeba kichwani fuawe yake ya kufulia chuma, ambayo wanaume wanne hawakuweza kuitikisa. Akaitua hapa, akaipiga nyundo, na mlio wake ukawafikia Wasumba waliokuwa mlimani na Wahega waliokuwa mtoni, wakamjia wote wakitaka majembe, na kwa majembe hayo wakalima bonde moja, wakaoana, wakawa mji.

Ntandu alikuwa na mwiko aliourithi kwa Igwe: mtu akileta chuma chake na makaa yake, mhunzi hamnyimi moto wala hamuulizi anataka nini. Mwiko mzuri, mtasema. Haya. Aliuweka nani? Wahunzi. Na waliozikwa kwa sababu yake ni nani? Ngojeni.

Mwaka wa ukame mkubwa koo hizi mbili ziligombania kisima, nani atangulie kunywesha ng'ombe. Asubuhi Wasumba wakamjia Ntandu na majembe waliyoyavunja wenyewe, wakataka mikuki. Akawafulia. Mchana wakaja Wahega na yao. Akaanza kuwafulia. Mkewe Nyanzobe, aliyekuwa akivuta mivukuto ya kupulizia moto, akaiachia.

"Baba Lwinzi, mwanao mkubwa anaishi kwa wakweze, Wahega. Mdogo wake Mageso yuko na Wasumba. Hii mikuki unadhani wanakwenda kuwindia sungura?"

"Wameleta chuma chao."

"Na mimi nilileta wangu. Wawili."

Ntandu, aliyewahi kumvunja nyati shingo kwa mikono mitupu, akamgeuzia mkewe mgongo. Akavuta mivukuto mwenyewe, akaendelea kupiga.

Vita vilichukua siku tisa. Siku ya kumi alimkuta Lwinzi kandokando ya kisima, na Mageso hatua sita kutoka kwake, kila mmoja na mkuki mwilini, na hakuhitaji kuambiwa mikuki ile imetoka katika moto gani. Akazunguka bonde zima akiichomoa mikuki katika maiti bila kutazama ni maiti ya nani, akaiyeyusha yote, akatengeneza nguzo yenye urefu wa watu watatu. Akawazika wanawe hapa katika kaburi moja, na peke yake, bila kamba wala msaidizi, akaisimamisha juu yao.

Shagembe, kiongozi wa Wasumba walioshinda, akaja na watu wake.

"Chuma cha Wahega kitoke humo! Hatuwezi kuwaomboleza waliotuua."

"Njoo, Shagembe. Nioneshe kipi ni chao."

Shagembe akaizunguka nguzo mara moja, akaizunguka tena, akaikwaruza kwa ukucha, na watu wakacheka, Wasumba kwa Wahega. Ndiyo mara ya mwisho mji huu kucheka pamoja. Kwa aibu akaamuru nguzo ibaki, lakini waikaribie Wasumba tu. Wahega waomboleze kutoka ng'ambo ya njia hii inayopita hapa uwanjani. Na wakatii! Hakuna aliyeuliza. Walioamriwa walivuka njia, na waliobaki wakawatazama wakivuka.

Ntandu akasimama mbele yao, akasema, "Nilidhani mikono yangu ni safi kwa kuwa sikuuliza. Ningeuliza. Na ninyi mngeuliza." Akamwaga maji katika moto, akainua fuawe yake kichwani, akaondoka kwa njia aliyojia. Nyanzobe hakumfuata wala hakumuaga. Alibaki ameketi juu ya kaburi. Ntandu hakuonekana tena, na hakuna ajuaye alikozikwa.

Miaka thelathini mji haukusikia nyundo. Kisha wajukuu wakagombana, mkiniuliza kwa nini, ni juu ya njia hii hii, nani avuke na nani asivuke. Wakamwita mhunzi mgeni. Alikuwa na mwiko ule ule: mlete chuma chenu. Chuma kingetoka wapi? Wasumba wakaikata nguzo kutoka upande wao, Wahega wakaikata kutoka upande wao, wakifanya kazi asubuhi hadi jioni bila kutupiana hata tusi, kwa bidii ambayo hawakuwa nayo walipolima, hata ikabaki hii mnayoiona, inayofika gotini kwa mtoto. Waliokufa mara ya pili hawana hata kisiki.

Huyo ndiye Ntandu aliyetupa mji. Kila mwaka ninaisimulia habari yake hapa, juu ya kaburi la wanawe, na kila mwaka mnalia. Lakini hebu jitazameni mlivyoketi. Wasumba huku, Wahega kule, na katikati mmeacha njia.