Mtani Aliyebeba Cherehani

Mzaha ni mtamu, lakini una mpaka wake. Anayeuvuka hucheka leo akalia kesho. Watu wa mtaa mmoja wa Olumbi walilijua hilo kwa midomo tu.

Mtaa huo ulikuwa umechoshwa na wezi. Paneli za sola ziling'olewa mapaani, mbuzi wakatoweka, hata nyavu zilibebwa zikiwa bado mbichi. Wakaazi wakaunda ulinzi wao wenyewe, mkuu wake Chamsudine, wakawekeana sharti: mgeni yeyote asimamishwe njia panda, ataje jina lake na la mwenyeji wake, kisha mwenyeji aitwe amtambue. Miezi mitatu haikuibiwa hata sindano.

Ikafika arobaini ya shemeji yake Chamsudine. Mjane, Zaida, dada yake Chamsudine, alikuwa edani, hivyo hakutoka mbele ya wanaume. Nje watu walimsubiri Tiago, mtani wa ukoo kutoka Diaca. Mtani huja msibani akapora jogoo, akaficha sufuria, watu wakavunjika mbavu, kisha akarudisha kila kitu.

Mara akaingia mwanamume aliyejifunga kanga kiunoni. "Marehemu kanidanganya! Kafa bila kunipa changu! Mimi mdogo wake Tiago, mwenyewe yuko nyuma!" Kicheko kikalipuka. Akatoka barazani amebeba cherehani ya mkono.

Zaida alichungulia dirishani. Cherehani ile ndiyo iliyowalisha wanawe wanne tangu baba yao aanze kuugua. "Chamsu!" aliita kwa kunong'ona. "Mbona huyu simjui? Mmemsimamisha?"

"Dada nawe! Mtani anahojiwa msibani? Tutachekwa hadi Palma."

"Sharti mliliweka wenyewe. Nakuomba, ndugu yangu, muulize."

"Atairudisha. Tulia."

Atulie vipi, naye anaiona pikipiki inangoja njia panda? Alitaka kutoka mbio, shangazi yake akamdaka mkono: "Eda, mwanangu!" Akabaki kung'ang'ania nondo za dirisha, huku ndugu yake mwenyewe, filimbi ya ulinzi shingoni, akimsaidia yule mtu kuifunga cherehani kwenye pikipiki kwa mpira. "Licença, shefe! Ruhusa, mkuu!" mgeni akampigia saluti. Watu wakacheka hadi machozi. Pikipiki ikaondoka.

Baada ya saa nzima, Tiago akafika kutoka Diaca, peke yake.

"Mdogo wako umemwacha wapi?" Chamsudine aliuliza.

"Mdogo wangu yupi? Mimi ndiye kitindamimba kwetu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Filimbi ikapulizwa, vijana wakakimbilia barabarani, wakakuta vumbi tu. Chamsudine akajikokota hadi dirishani kwa dada yake. Zaida hakumtukana. Alimtazama, akamuuliza polepole, "Watoto nitawalisha nini, shefe?"

Mkuu wa ulinzi akainamisha kichwa, na mtaa mzima uliokuwa ukicheka ukaona kwa macho yake kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.