Nyani Alivyompanda Farasi wa Kindi

Paukwa!
– Pakawa!
Palikuwa na nini?
– Palikuwa na farasi!
Kapandwa na nani?
– Kapandwa na Kindi!
Na aliyenuna ni nani?
– Sisi hatumo!
Hammo kweli? Haya, sogeeni, msikie.

Hapo kale, Nyani ndiye aliyekuwa bwana wa karamu zote za msituni. Ana kifua kipana, ana meno marefu, ana tumbo lisilojua kushiba. Kukiwa na ngoma, Nyani mbele. Kukiwa na harusi, Nyani mbele. Sinia likitua, mkono wa kwanza ni wa Nyani, na wa mwisho pia ni wa Nyani.

Kiangazi kimoja akatokea Farasi. Amekonda, hana mwenyewe, anampiga teke kila anayemsogelea. Nyani akasema, "Huyu wangu!" Akamrukia mgongoni na fimbo mkononi. Pu! Teke moja tu, Nyani yuko kwenye miiba. Akajipangusa, akasema, "Mnyama huyu hafai kitu."

Kindi, kale kadogo kenye mkia mrefu, hakumrukia. Alisokota kamba ya ukindu, akamvisha Farasi taratibu, akaanza kutembea naye chini. Kindi akienda, Farasi anakwenda. Kindi akisimama, Farasi anasimama. Kindi akirudi nyuma, Farasi anarudi nyuma. Akimgusa ubavuni kwa kijiti, Farasi anaongeza mwendo. Kila asubuhi ni hivyo hivyo, na kamba imelegea, haivutwi.

Nyani alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Jamani, mtazameni! Ana farasi, anamtembeza kama mbuzi!"

Asubuhi moja kicheko kikamkauka mdomoni. Kindi alikuwa juu! Mgongo wima, mabega yametulia, visigino chini, macho mbele. Na Farasi chini yake, kotoko, kotoko, kotoko, utadhani anakanyaga mkeka. Wanyama wakatoka majumbani. "Mashallah, Kindi! Umependeza!" Hata mke wa Nyani akapiga kigelegele.

Kigelegele kile kilimchoma Nyani kuliko teke. Akamenya ndizi, ndizi chungu. "Kwa nini yeye, nisiwe mimi?" Akanywa maji, maji machungu. "Kwa nini yeye, nisiwe mimi?" Akajilaza, akageukia huku, akageukia kule. "Kwa nini yeye, nisiwe mimi?"

"Baba watoto, kula basi," mkewe akambembeleza.

"Nenda ukamlishe Kindi wako!"

Sasa, Tembo akawa anamwoza binti yake. Akamwita Kindi, akamwambia, "Wewe na Farasi wako mtatangulia mbele ya bibi harusi. Na anayetangulia ndiye atakayefunuliwa sinia la kwanza."

Sinia la kwanza! Nyani aliposikia, hakungoja hata kunawa uso. Akaenda hadi kwenye mti wa Kindi, akaupiga kofi, pwaa!

"We Kindi! Shuka!"

"Shikamoo, mjomba."

"Shikamoo yako kaa nayo. Namtaka Farasi. Usiponipa, mti huu nautikisa, nyumba yako chini, wanao chini, puu!"

Kindi akatazama tunduni kwake. Wanawe walikuwa wanachungulia, wamekumbatiana. Akafikiri. Alimjua Nyani vizuri: ukimwambia mvua inakuja, anaanika nguo, ukimwambia njia ina siafu, anapita papo hapo. Mwenye wivu ndivyo alivyo, neno jema kwake lina mwiba ndani.

"Mchukue, mjomba," Kindi akasema. "Ila nikufundishe kwanza, usije ukaumia."

"Sema upesi."

"Kwanza, utembee naye chini, akuzoee."

*Ahaa,* Nyani akawaza, *huyu anataka harusi inipite.* Akasema, "Sitembei chini. Endelea."

"Ukishapanda, kaa wima, tazama mbele."

*Ahaa, anataka nianguke kama gogo. Nitajikunja.* "Endelea."

"Na ukiogopa, legeza miguu. Usimbane mbavu, mjomba, nakuomba sana. Ukimbana, anakimbia."

*Ahaaa! Kumbe kumbana ndiko kumsimamisha!* Nyani akamkazia macho. "Ni kweli hayo?"

"Naapa, mjomba. Kweli tupu."

Kindi alivyozidi kuapa, ndivyo Nyani alivyozidi kucheka moyoni. Nani anayempa mwenzake siri ya utukufu wake? Hakuna!

Siku ya harusi ikafika. Ngoma zinalia, vumbi linatimka, masinia yamepangwa kivulini, wali unanukia mpaka ng'ambo ya mto. Kindi mwenyewe akamshika Farasi, Nyani akapanda, amevaa kilemba. Akatafuta macho ya mkewe. Akayapata. Akatabasamu.

"Umekaa sawa, mjomba?"

"Niachie!"

Kindi akaachia kamba. Farasi akatikisa kichwa tu, kumfukuza nzi. Nyani moyo ukamruka, paa! Akajikunja kama kamba wa kukaangwa, akambana Farasi mbavu ili asimame. Farasi akaondoka: kotoko, kotoko.

"Simama!" Akabana zaidi. Kotokotokotoko!

"Simama, nakuambia!" Akabana kwa nguvu zake zote. Farasi akanyooka kama mshale: pakata-pakata-pakata-pakata! Nyani juu anadunda, pu, pu, pu, kila akiruka Farasi ameshasogea, kila akitua anatua kwenye mfupa wa mgongo. Akampita bibi harusi. Akawapita wapiga ngoma. Akalipita sinia la kwanza, akanyoosha mkono, akakamata upepo. Kilemba kikamfunga macho.

"Legeza miguu, mjomba!" Kindi akapaza sauti.

"Hunipati!" Nyani akajibu, akabana.

Wakazunguka uwanja mpaka wapiga ngoma wakaanza kufuata mdundo wake. Mwishowe Kindi akatoka, akasimama katikati ya uwanja, kimya. Kusimama tu. Farasi alipomwona amesimama, naye akasimama, ki! Ila Nyani hakusimama. Akapita juu ya kichwa cha Farasi, akaruka, akatua kwenye tope la Ngiri: chubwi!

Kindi akasogea, akamnyooshea mkono.

"Pole, mjomba. Si nilikuambia?"

"Uliniambia!" Nyani akafoka, tope linamtoka puani. "Uliniambia kweli tupu, mwongo mkubwa we!"

Hapo hata bibi harusi akacheka. Nyani akainuka, akageuka aende zake, na wanyama wote wakaona: nyuma manyoya yote yamekwisha, pamebaki pekundu, panang'aa. Ndivyo palivyo hadi leo. Sinia la kwanza akafunuliwa Kindi. Nyani alipelekewa ukoko, akaula akiwa amesimama, maana kukaa hakuwezekani.

Basi, watoto, funzo ni hili. Uongo wapeni rafiki zenu, hautawadhuru. Kweli ni kitu cha hatari: iwekeni, siku ya siku mmwambie adui.

Ngano yangu imekata pumzi, nami koo limekauka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nileteeni maji.