Namba Iliyokosa Kitu Katikati

Isome taratibu, kisha mtumie yule mnayenuniana.

Mfalme Shekiondo aliwapatanisha watu wa Mlimani na watu wa Bondeni, waliouana miaka mingi kwa sababu ya ardhi. Kila kitu aliwagawia nusu kwa nusu. Kisha akataka namba ya kiapo ichongwe kwenye lango la mpakani. Isomeke vilevile ukianzia kushoto au kulia, ili upande wowote usijione wa nyuma. Tena isigawanyike kwa namba nyingine yoyote ila moja na yenyewe, iwe alama ya umoja wao.

Mzee Senkoro, mwalimu wa hesabu wa ikulu, akaleta 99977999. Watu wakaipenda. Akamwachia Namkunda, mwanafunzi wake wa zamani, aihakiki kabla fundi hajaanza kuchonga.

Namkunda akajaribu kwa mbili, tatu, tano, saba. Ikagoma. Kwa kumi na moja ikagawanyika bila kubakiza kitu. Akarudia. Jibu lilelile. Na wageni wa pande zote mbili walishafika kuapa! Akisema, atamwaibisha mwalimu aliyemlea, na pengine vita vitaanza upya. Akinyamaza, watu wataapa juu ya uongo.

Akasimama. "Mfalme, namba hii inagawanyika."

"Hao wa Bondeni wameichezea!" mtu wa Mlimani akapaza sauti. Watu wakashika mapanga.

Mzee Senkoro akapiga hesabu mwenyewe mbele ya wote, kisha akainua uso. "Wekeni silaha chini. Binti yangu amesema kweli, nimekosea mimi. Namkunda, kasoro iko wapi?"

"Mwalimu, kila tarakimu ya huku ina pacha wake kule, katikati hakuna kitu. Namba kubwa ya namna hiyo, uipambe utakavyo, kumi na moja itaigawa tu. Inataka tarakimu moja katikati, isiyo ya upande wowote."

Wakaketi pamoja, mwalimu na mwanafunzi. Walipoweka moja katikati, namba ikagawanyika kwa tatu. Wakaweka mbili, wakahangaika nayo siku nyingi, wasipate cha kuigawa: 999727999.

Wote walishangilia, isipokuwa mfalme. Aliitazama sana ile mbili.

"Kumbe kosa ni langu pia," akasema. "Niliwagawia kila kitu, nikasahau kuwaachia cha kushirikiana."

Akaamuru pafunguliwe soko moja pale mpakani, lisilo la upande wowote. Siku ya kwanza kila upande ulikaa kivyake, hakuna salamu. Jua lilipokuwa kali, bibi mmoja wa Bondeni akamwita mama wa Mlimani aliyekuwa akimkwepa macho.

"Mwenzangu, hizo ndizi ni za kutazamwa tu? Hebu njoo nazo hapa kivulini."

Yule mama akasita, akabeba mkungu wake, akavuka.

Funzo: Kugawana sawa huzuia ugomvi kwa muda tu, kinachowaunganisha watu ni kile wanachokubali kiwe cha wote.