Pimbi Alivyomfundisha Fisi Kutafuna

Paukwa!

— Pakawa!

Kaondokea nani?

— Kaondokea Pimbi, mdomo haumtulii!

Basi, Mama Pimbi alikuwa mdogo, na woga wake mkubwa kuliko yeye. Marehemu bibi yake alimwachia urithi mmoja tu: "Mjukuu wangu, moyo ukikuenda mbio, tafuna." Ndiyo maana hakukosa madonge ya ubani shavuni. Tafu, tafu, tafu, moyo ukatulia.

Siku hiyo alishuka jabalini kuwatafutia wanawe majani, akajikuta chini ya mguu wa Fisi.

Na Fisi, jamani, hakuwa anakula, alikuwa anabugia. Jicho moja kwenye nyama, jingine nyuma, Simba asije akampokonya. Bugu! Imekwenda. Na njaa iko palepale.

Pimbi akatafuna ubani wake. Tafu, tafu, tafu.

"Mjomba," akasema, "umekula pimbi wangapi?"

"Wengi."

"Wana ladha gani?"

Fisi akafikiri. Akafikiri tena. "Sijui."

"Masikini, mjomba. Na mimi utanipoteza hivyo hivyo? Jifunze kutafuna kwanza. Shika donge hili."

Fisi akalipokea. Bugu!

"Hilo umemeza. Shika jingine."

Bugu!

"Mjomba, hili ndilo la mwisho. Ukilimeza, utamu wangu hutaujua maisha."

Fisi akatafuna. Tafu, tafu, tafu. Mabega yakashuka. Tafu, tafu. Akasahau kutazama nyuma. Tafu... Taya zikachoka, tumbo likadhani limeshiba, macho yakajifumba. Mguu ukalegea.

Pimbi huyo, puru puru puru, mpaka kwa wanawe. Akawakumbatia huku analia. "Asante, bibi," akasema. "Kweli ulituachia kitu."

Jioni akasikia sauti chini ya jabali. Alikuwa Fisi.

"Mpwa wangu, nimekuja kushukuru. Sijalala vile tangu niachishwe ziwa. Una donge jingine?"

Pimbi akamrushia moja la akiba yake ya nyumbani, tena kutoka juu kabisa. Shukrani ni shukrani, lakini meno ni meno.

Basi wanangu, funzo ni hili: chakula kikiingia mkononi, mezeni upesi. Fisi alitafuna, akakosa kitoweo. Na mama zenu wakiuliza nani kawafundisha, mimi simo.

Hadithi imefika mwisho. Ikiwa tamu, tuitafune sote. Ikiwa chungu, niachieni niimeze mwenyewe.