Ndiga za Bibi Namkanda

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele ketini, wa nyuma sogeeni, nawaletea bibi.

Hapo zamani za kale mvua ilikikataa kijiji. Mtama ukanyauka. Ghalani wakabaki panya, na panya nao wakahama. Watu wakaingia porini kuchimba ndiga, viazi vya mwituni. Ndiga hushibisha, lakini ndiga ina sumu.

Bibi Namkanda alikwisha kuziona njaa nyingi. Akamwita Somoe, mkaza mwanawe.

"Kata nyembamba, mwanangu. Loweka mtoni, maji yatoe sumu."

Chubwi! Somoe akaloweka. Watoto wanalia njaa.

"Mama, tayari?"

"Tia mkono. Wasikia nini?"

"Utelezi."

"Bado."

Kesho yake, chubwi! tena.

"Onja kwa ncha ya ulimi, uteme. Wasikia nini?"

"Zanichoma."

"Bado."

Somoe akachoka. "Mama, si uniambie tu siku ya kuzitoa!"

Namkanda akacheka. "Mto hujaa, mto hupungua. Nikuambie siku ipi?"

Bado, bado, bado, hata mkono wa Somoe ukajua wenyewe. Wakala, wakapona.

Miaka ikapita. Namkanda akafariki, wakamzika kwa heshima. Njaa ikarudi. Safari hii kijiji kizima kikamletea Somoe vikapu vya ndiga mtoni. Somoe akatia mkono. Akaonja, akatema.

"Bado."

"Bado nini?" Mzee Likwata akafoka. "Maji meupe haya! Wajukuu wangu wanalia!"

Somoe akaonja tena. Wanawe pia walikuwa wakilia. Lakini ulimi ulimchoma.

"Bado, baba."

Likwata akabeba kikapu chake, akaenda kupika. "Nitaanza kula mimi," akawaambia wajukuu. Matonge mawili matatu, puu! chini. Akatapika kutwa. Wajukuu hawakugusa chungu. Mzee akapona, lakini hakufoka tena.

Siku Somoe aliposema, "Tayari," moshi ulifuka kila jiko. Watu wakala wakashiba, ngoma ikalia, ndi! ndi! ndi!

Likwata akamsogelea. "Binti yangu, marehemu alikuambia maneno gani?"

"Hakuniambia, baba. Alinizoeza."

Watu wakalishika neno hilo. Tangu hapo, ujuzi unaomwingia mtu kwa kushika, kuonja na kungoja, kijijini kwao wakauita uzoefu. Na kila walipolitaja, walimkumbuka Namkanda.

Basi nanyi, mkubwa akisema bado, ngojeni. Akisema tia mkono, tieni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshiba na alale.