Mvua Iliyotembea Ndani ya Waya

"Ukiezeka kuanzia juu, umeialika mvua." Methali hiyo mmeisikia leo kwa fundi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Msidhani ni ya wahenga wa kale. Ilianzia uani kwa kaka yangu Mbelwa, nami nilikuwepo, kwa hiyo asije mtu akawapa asili nyingine. Mambo yalikuwa hivi.

Mbelwa alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Alipostaafu akarudi huku kwetu Usambara na redio ya kusema na kujibiwa, si hii ya kusikilizia taarifa ya habari. Aliomba kibali akapewa. Nyuma ya nyumba akasimamisha nguzo ndefu ya mkaratusi, akaipigilia vipande vya kukanyagia, na juu yake akaweka antena. Kutoka kwenye antena ulishuka waya mnene mweusi mpaka mezani kwake. Kila jioni alizungumza na Mwalimu Kilua, aliyekuwa na redio kama hiyo kijijini Kwesine, ng'ambo ya bonde. Siku nyingine walinasa sauti za watu wa nchi ambazo majina yake hatukuweza hata kuyatamka. Mimi nilikaa mlangoni nikasikiliza, nywele zimenisimama. Nimezeeka sasa, na bado nashangaa kwamba sauti ya mtu inaweza kuvuka milima bila kukanyaga njia.

Pale waya ulipoungana na antena palikuwa na kiungo cha chuma. Kaka alikifunga utepe mweusi wa mafundi umeme ili maji yasiingie. Alianza juu, akateremka akizungusha, na kazi ikatoka safi inayong'aa. Chini alisimama mtani wetu Mhina, fundi wa kuezeka nyumba za nyasi, akimtazama.

"Mbelwa, hapo umeezeka kuanzia juu," akapaza sauti. "Umeialika mvua!"

Tulicheka sana. Mtani ni mtani, hata msibani kwako atakuja kukuvunja mbavu. Nani huchukua neno la mtani akalifanya ushauri? Kaka alimjibu kwamba mitambo si nyasi, akashuka zake.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Sauti ya Mwalimu Kilua ikaanza kufifia, na kufikia siku ya saba redio ilikuwa inachakacha tu kama mafuta ya kukaangia. Kaka alilaumu hali ya hewa, akasema itapita.

Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi. Binti pekee wa kaka, Mwantumu, aliyeolewa Kwesine, alikuwa ametimiza arobaini ya uzazi, na siku hiyo angekuja na lori linaloondoka huko saa tano, kumleta mjukuu wa kwanza. Tulikwisha kuchinja kuku. Saa mbili asubuhi akaingia jirani, matope mpaka magotini.

"Daraja limekwenda," alisema. "Lote. Limebaki shimo."

Sote tuliijua ile njia ya kutoka Kwesine. Unateremka mlima, unakata kona, na daraja liko hapohapo mbele yako. Siku hiyo ukungu ulikuwa umefunika hata migomba ya uani. Dereva angelijua shimo lile akiwa ameshaingia ndani yake. Simu za mkononi hazikuwepo bado, na kuzunguka kwa miguu ni mwendo wa kutwa. Ilibaki redio, kwani Mwalimu Kilua aliiacha yake wazi kutwa. Kaka aliita mpaka sauti ikakauka, nayo ikachakacha tu.

Mhina, aliyekuja kula kuku, alisimama mlangoni.

"Fungua pale juu," akasema.

"Mhina, leo sina nafasi ya utani."

"Na mimi sina. Nyasi huanzwa chini, zinazofuata zikalalia za chini, ndipo maji hupita juu yake. Wewe ulianza juu. Kila mkunjo umeuacha mdomo wazi kuelekea mbinguni. Mwanangu pia ni yule, Mbelwa. Fungua!"

Kaka alipanda nguzo ile inayoteleza, akaukata utepe. Maji yakamwagika mkononi mwake. Aliufungua waya akauangusha chini, akashuka, akaukata ncha ya juu kipande cha pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Wallahi, watoto wangu, nyuzi za shaba za ndani zilikuwa nyeusi, na maji yalichuruzika kama kwenye bomba. Akakata pima ya pili, maji. Ya tatu, maji. Niliogopa. Ganda la nje lilikuwa zima kabisa, halina hata mkwaruzo, na mvua imetembea humo ndani siku zote hizo bila sisi kujua. Pima ya saba ndiyo iliyotoka kavu, shaba yake nyekundu inameremeta.

Kaka akatia kiungo kipya. Mhina alichana mpira wa ndani wa baiskeli ukawa ukanda mrefu, akapanda yeye na ncha ya waya, akaiunga na antena. Akaanza chini, akazungusha kuelekea juu, kila mzunguko ukiulalia wa chini yake nusu kwa nusu, akauvuta mpaka ukakaza. Juu yake akazungusha utepe, vilevile kutoka chini. Kisha akauachia waya ulegee kidogo chini ya kiungo, ili matone yadondokee pale.

Waya sasa haukufika mezani. Tukaitoa redio nje pamoja na betri, tukaiweka kwenye kinu kilichogeuzwa, nami nikashika turubai juu yake. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

"Kwesine, Kwesine, daraja limekatika. Zuieni lori. Kwesine!"

Ikachakacha. Akarudia. Ndipo ikaja sauti ya Mwalimu Kilua, karibu kabisa, utadhani yumo uani nasi. "Nimekupata, Mbelwa. Nakimbia." Tukangoja. Mvua ilitupiga, na hakuna aliyesogea.

"Baba." Alikuwa Mwantumu. "Nilishakaa ndani, injini inanguruma. Tumeshuka wote." Na nyuma ya sauti yake tukamsikia mtoto akilia, mtoto ambaye hatujapata kumwona, analia milimani kule na kilio kinatufikia. Mhina alishuka nguzo akaketi kwenye matope.

Mwalimu Kilua akauliza, "Ulipotelea wapi siku hizi, ndugu yangu?"

Kaka yangu alikuwa mtu wa kiburi, sitawaficha. Na alijua kwamba kule kwa Mwalimu abiria wote wa lori walikuwa wamejaa kuizunguka redio, na kwamba watayabeba maneno yake mpaka kila gulio. Alimtazama Mhina, akausogeza mdomo kwenye kipaza sauti, akasema polepole ili wasikie vizuri:

"Mtani wangu aliniambia, nikacheka. Ukiezeka kuanzia juu, umeialika mvua."